Valsi Ndani ya Eda

Mume wangu alizikwa asubuhi, na alasiri ya siku hiyohiyo madamu akapiga santuri.

Nilikuwa nimekaa juu ya mkeka katika chumba chetu, nyuma ya nyumba yake, katika vile vyumba vya mstari mmoja ambavyo Wazungu wa Gisenyi waliwajengea watumishi wao. Wanawake wa mtaani kwetu walikuwa wamenizunguka, wananisomea na kunipangusa uso ambao haukuwa na machozi. Mume wangu alikuwa dereva wa madamu. Gari la mizigo lilipinduka naye kwenye kona za kule juu Nyakiriba, mvua inanyesha, amebeba viazi. Viazi vilifika mjini kabla yake. Watu walivikusanya, wakavipakia katika gari lingine, halafu ndipo wakarudi kumchukua aliyekuwa anaendesha. Nilipoambiwa hivyo nilicheka. Mama mkwe akaniziba mdomo kwa kanga yake, akawaambia waliokuwepo kwamba ni uchungu, asije akatokea wa kwenda kusema mkwewe kacheka msibani.

Ndipo muziki ukaanza kutoka kwenye baraza ya madamu. Wanawake wakatazamana. Huyu huyu madamu asubuhi alikuwa ameleta sukari ya matanga kwa mkono wake mwenyewe, amesimama mlangoni na kofia yake, hajui akae au aondoke. Sasa udongo wa kaburi haujakauka, anapiga muziki. Mmoja akasema Wazungu hawana msiba, wana mazishi tu. Mimi nilimchukia madamu siku ile kwa moyo wangu wote, na chuki ile ilinifaa, kwa sababu tangu nipewe habari sikuwa nimehisi kitu chochote.

Sisi Waislamu, kwa asiyetujua, mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na huikaa katika nyumba aliyokuwa akiishi na marehemu. Kwa hiyo mama mkwe alikwenda kwa madamu kuniombea chumba. Madamu akainua mabega akasema bon, akae. Nikavalishwa nguo nyeupe. Hakuna mafuta, hakuna wanja, hakuna manukato, hakuna soko wala ziwa. Ziwa lenyewe lilikuwa karibu hata nilisikia wavuvi wa Nyamyumba wakiitana wanapoleta samaki, lakini sikuliona. Mama mkwe alikuja kila siku kutoka mtaani na chakula, akakaa nami hadi magharibi. Alikuwa mama mwema. Nalisema hilo sasa mapema, kwa sababu mbele huko mtamkasirikia, nami sitaki mumkasirikie zaidi ya anavyostahili.

Machozi hayakuja. Watu wanadhani asiyelia hana huzuni. Upuuzi. Ilikuwa kama kukwamwa na mfupa wa samaki kooni, haushuki na haupandi, na kila anayekuja anakuambia kula ugali utashuka. Nilikula ugali. Nilisali. Usiku nililala upande wangu wa kitanda na kuacha upande wake, na hata hivyo hakuna kilichotoka.

Na kila alasiri, upepo wa ziwa ukianza kutikisa miti, madamu alipiga santuri.

Sikumbuki ni siku gani niliacha kuchukia. Najua nilikuwa ninapepeta mchele. Mama mkwe alikuwa amenipa ungo ili mikono isikae bure, na mikono yangu ikafuata muziki bila kuniomba ruhusa: rusha mara moja kwa nguvu, tikisa mara mbili polepole. Rusha, tikisa, tikisa. Ngoma zetu mimi nazijua, za harusi na za maulidi, lakini hizo zinakujia mbele na kukushika mkono. Huu muziki ulikuwa unazunguka. Ulikuwa na mguu mmoja mzito na miwili myepesi, na vinanda vingi juu yake vinavyopanda pamoja, vinapanda, halafu vinasita pale juu, kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka amesahau kitu ndani. Halafu vinashuka. Pale vilipositia ndipo nilipolia. Nililia juu ya ungo hata mchele ukalowa, nikalia kwa sauti yote, na mama mkwe akanishika kichwa akasema alhamdulillahi, mwanangu, lia, lia umalize.

Sikumaliza. Kesho yake nilingoja alasiri kama mtu anayengoja dawa. Muziki ulipoanza, machozi yakaja, na pamoja na machozi alikuja mume wangu: namna alivyokuwa anaosha gari huku amekunja suruali, namna alivyokuwa anauma karanga kwa meno ya upande mmoja kwa sababu ya upande wa pili kuuma. Muziki ulipokwisha, akaondoka. Usiku nikijaribu kumkumbuka mwenyewe nilipata jina lake tu, sura hapana. Basi nikawa naishi kwa ajili ya saa ile moja. Santuri za madamu zilikuwa chache, nikazijua zote, hata ile yenye mkwaruzo mahali fulani, na moja niliipenda kuliko nyingine. Niseme wazi, niliipenda. Sikuwahi kupenda kitu hivyo kisichokuwa mtu.

Mnajua nilidhani ni nini? Nilidhani ni maombolezo. Mtoto wa mtaa wa Waswahili ningejuaje? Sijawahi kuingia nyumba ya Mzungu isipokuwa jikoni. Nilisikia vile vinanda vinavyolia, nikasema moyoni, kumbe nao wana kisomo chao cha maiti, na labda madamu naye ana aliyemfia huko kwao. Kwa hiyo sikuona ubaya kusikiliza ndani ya eda. Nilidhani tunaomboleza pamoja, yeye barazani na mimi nyuma.

Mama mkwe ndiye aliyenitoa ujinga. Ujanani aliuza mandazi mlangoni mwa hoteli ya Wazungu kule ufukweni, na siku moja, aliponiona nimefumba macho huku kichwa changu kinakwenda na muziki, aliniuliza kama najua nasikiliza nini. Nikamwambia ni dua yao ya wafu. Akanitazama sana.

“Mutoto wangu, hiyo ni dansi,” akasema. “Inaitwa valsi. Mwanaume anamushika mwanamuke kiuno, wanazunguka mpaka jasho inatoka, na wanacheka.”

Nilimwambia haiwezekani. Akasimama palepale, mwanamke mzima mwenye magoti mabovu, akashika mtu asiyekuwepo na kuzunguka chumbani ili anionyeshe. Hakuwa anatania. Alikuwa na hasira na aibu, mkwewe ndani ya eda anatikisa kichwa kwa dansi. Tangu siku ile alitundika blanketi dirishani, na alasiri ikifika alinyanyua sauti kusoma Yasini, akishindana na madamu. Madamu hakujua kwamba anashindana na mtu. Mimi nilikaa katikati, sikio moja huku, sikio jingine kule, nikiwaza juu ya hao watu wanaoshikana viuno. Sikuamini kwamba wanacheka. Niliamini wanashikana ili wasianguke, na mpaka leo sijabadili mawazo.

Eda ikaisha. Nikaogeshwa, nikakatwa kucha, nikasukwa nywele na kupakwa mafuta, nikavalishwa kanga mpya, watu wakaja kunipa mkono wa pole. Kisha tukatoka kwenda nyumbani kwa mama mkwe. Njia ilipita mbele ya baraza, na kwa bahati santuri ilikuwa inalia. Kwa mara ya kwanza nikaona. Neno santuri nililijua, ila moyoni nilikuwa nimetegemea watu wengi na vinanda vyao. Palikuwa na kisanduku, kimefunguliwa kifuniko, si kikubwa kuliko sanduku la cherehani, na sahani nyeusi inazunguka ndani yake. Madamu alikuwa kitini amelala, mdomo wazi, kiatu kimoja kimemdondoka. Muziki unaonitoa mimi roho, mwenyewe anaulalia. Nilisimama hapo mpaka mama mkwe akanivuta.

Mtaani kwetu hakukuwa na valsi. Kulikuwa na kuku, cherehani za mafundi, watoto wa jirani, adhana, madereva wakigombana. Alasiri ikifika mwili wangu uliijua saa, koo likajiandaa, na hakuna kilichokuja. Machozi yakafunga tena. Sura ya mume wangu ikaondoka, na safari hii hata karanga sikuzikumbuka vizuri, ni upande gani wa meno. Nikaanza kuimba ule wimbo kwa pua ili nimrudishe. Nikawa napepeta mchele kwa mguu mmoja mzito na miwili myepesi, hata mchele ulipokuwa umekwisha safishwa. Nikaacha kula. Si kwa makusudi, chakula kilikuwa hakipiti.

Halafu shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye alikuwa utingo wa magari ya Goma, akaleta habari kwamba madamu anahama. Nyumba imepata mpangaji mwingine, vitu vyake vinafungwa, gari litavivusha pale mpakani, Grande Barrière, na kwenda navyo huko ndani Kongo. Aliisema kama habari yoyote, huku anakula. Mimi nikainuka, nikakaa, nikainuka tena. Kisanduku kile kikivuka mpaka nitamzika mume wangu mara ya pili, na mara hii bila kaburi la kwenda kutembelea. Lakini nimwambie nani? Mjane aende kwa watu aseme nini, nataka dansi ya Wazungu nipate kumlilia mume wangu? Nikaimba kwa pua, nikajitikisa. Mama mkwe akanitazama kutoka mlangoni, kisha akajifunga kanga kichwani akatoka.

Alikwenda kumwita fundi.

Fundi, kwetu, alikuwa mama mmoja ambaye wazee wake walitoka Ujiji, na kazi yake ilikuwa kupunga pepo. Mwalimu wa msikitini alikuwa anazipinga ngoma hizo kila Ijumaa, na wanaume wote walikubaliana naye, kisha ngoma ikipigwa nyumbani kwao walipata safari ya kuwaondoa. Yangu ilipigwa mchana, kwa sababu usiku ngoma zilikatazwa mjini. Fundi alinipima kwa macho, akasikiliza ninavyoimba, akauliza nilikaa eda wapi. Akaambiwa nyuma ya nyumba ya Mzungu. Hakuhitaji kuuliza zaidi. Pepo wa Kizungu, akasema, amemkuta mjane peke yake, kichwa kitupu, akaingia.

Kila pepo ana chakula chake na adabu yake. Wa Kizungu analetewa chai ya maziwa katika kikombe chenye kisahani, biskuti, na kofia. Kofia ilipatikana, ya nani sijui. Nikakalishwa kwenye kiti, si mkekani, nikafunikwa shuka, ubani ukawashwa, ngoma zikaanza. Fundi akamsalimu pepo kichwani mwangu: bonjour, musiyu. Katika siku nyingine ningecheka hadi nianguke. Nilikuwa sijala, biskuti zilikuwa mbele yangu, nikala. Wanawake wakapiga vigelegele, maana mimi tangu nirudi nilikuwa nakataa ugali na maharage, na sasa ona, biskuti za Kizungu zinapita.

Ngoma zikanyamazishwa. Fundi akainama hadi nikasikia pumzi yake.

“We ni nani? Unataka nini kwa huyu mutoto ya watu?”

Sasa nisikilizeni. Katika maisha yangu yote hakuna aliyekuwa ameniuliza nataka nini. Baba aliniuliza kama nimekubali kuolewa, nikanyamaza, na kunyamaza kukawa ndiyo. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mpole, lakini naye aliniletea alichoona kinafaa. Na hapa amesimama mtu mbele yangu, na watu wamenyamaza kimya, wananingojea. Nikafikiri, basi wamenielewa. Wameona ninavyoteseka na wanauliza. Nikajibu kwa sauti yangu mwenyewe.

“Nataka santuri ya madamu. Ile ya valsi. Sitaki kitu kingine.”

Nyumba ikalipuka kwa vigelegele. Mama mkwe analia kwa furaha. Pepo amesema! Amejitaja, ametaja haja yake, mgonjwa atapona. Nilisema hapana, ni mimi, mimi ndiye ninayetaka. Fundi akaniitikia kwa heshima, ndiyo bwana, ndiyo bwana, na kunirudishia kikombe cha chai.

Shemeji akakimbia kwa madamu. Gari lilikuwa tayari limeshapakiwa, alisema baadaye, na madamu alikuwa amechoka hata hakuuliza sababu. Akampa kisanduku pamoja na sahani moja iliyokuwa ndani, nyingine zilikuwa chini ya mizigo. Na sahani ile moja ndiyo ile. Ndiyo ile niliyoipenda. Nilipoiona inaingia mlangoni, imefunikwa kwa shuka nyeupe kama bibi harusi, nilijua Mungu amenisikia, nikasimama kitini na kunyoosha mikono.

Fundi akanikalisha. Yeye mwenyewe, kwa maelekezo ya shemeji, akazungusha mpini na kuweka sindano, na dakika ileile akawapa ishara wapiga ngoma. Ngoma zote zikaanguka pamoja. Vigelegele, makofi, nyimbo za kumkaribisha mgeni. Niliona sahani inazunguka. Sikusikia hata mstari mmoja. Nikapiga kelele, nyamazeni, jamani nyamazeni nisikie. Fundi akasema bwana amekuwa mkali, ongezeni, nao wakaongeza mpaka sahani ikafika mwisho na kusimama.

Kisha akatoa masharti. Kitu hiki ni cha pepo. Kitakaa katika kasha pamoja na kofia, kikombe na shuka yake, kitafukizwa udi kila Ijumaa, na hakitafunguliwa isipokuwa siku pepo amepanda, mbele ya ngoma. Mimi ni kiti tu, anachokalia pepo. Kiti hagusi vitu vya bwana wake, akigusa anarukwa na akili. Kasha likafungwa, na mama mkwe akauvaa ufunguo shingoni kwa uzi.

Nilimwambia ukweli. Nilingoja siku tulivu, tuko wawili, tunachambua mboga, nikamwambia Mama, hakuna pepo. Ni mimi. Nikiisikia ile santuri namkumbuka mwanao. Aliacha mboga, akaniwekea mkono shavuni. Macho yake yalijaa huruma ambayo sijaiona tena kwa mtu.

“Ndivyo wanavyosema wote, mwanangu,” akasema. “Pepo anajificha nyuma ya mtu.”

Ubishane vipi na jambo hilo? Nikikataa, ni pepo anakataa. Nikinyamaza, pepo ametulia. Nikaacha kusema. Nikajifunza kula, nikajifunza kutoimba kwa pua, na mtaa mzima ukampongeza fundi. Posa haikuja hata moja. Nani atamtaka mwanamke mwenye Mzungu kichwani? Alasiri zikapita, moja baada ya nyingine, kasha liko chumbani kwa mama mkwe upande wa pili wa ukuta, na mimi sina machozi wala sura ya mtu. Wengine hukata tamaa kwa kishindo. Mimi nilikata tamaa ninaosha vyombo.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, nayo haikuwa imemalizika mama mkwe alipofariki. Walipomwosha, waliukata ule uzi na kunipa ufunguo, kwa kuwa mimi ndiye kiti na fundi alikuwa amekwisha tangulia. Niliungoja msiba upite. Siku moja baada ya alasiri, nyumba ikiwa tupu na upepo wa ziwa umeanza, nikafungua kasha.

Harufu ya udi ilinipiga usoni. Nikafuta kisanduku kwa upande wa kanga, nikazungusha mpini taratibu, nikashusha sindano. Sauti ilitoka imechakaa, ina mchanga, lakini ilikuwa yenyewe, mguu mmoja mzito na miwili myepesi. Nikakaa sakafuni. Vinanda vikapanda. Vikasita pale juu, na koo langu likafunguka, na mume wangu akaja, suruali imekunjwa, maji ya kuoshea gari yanamtiririka kwenye kiwiko, anatafuna karanga. Upande wa kushoto. Ilikuwa upande wa kushoto. Nikaanza kulia, naye akageuka.

Uani jirani mmoja akasema, si kwa sauti kubwa, “Amepanda.”

Nikasikia ndala zinakimbia. Nikasikia lango, kisha majina yanaitwa nyumba kwa nyumba, kisha ngoma ya kwanza, halafu ya pili, na mume wangu sikumwona tena. Walikuja wote. Mwenye kupika aliacha chungu motoni, mwenye mtoto alimwacha kwa jirani, mmoja alikuwa na unga mpaka kwenye viwiko. Hakuna aliyewalipa, hakuna aliyewatuma. Walikuja kwa sababu walinipenda na hawakutaka niteseke peke yangu. Waliniinua kutoka sakafuni wakanikalisha kwenye kiti, wakanifunika shuka, na yule mwenye unga akapiga magoti mbele yangu na kikombe cha chai ya maziwa juu ya kisahani, akasema, “Karibu, bwana.”

Nikapokea, maana hapakuwa na mwingine wa kupokea.